Bikizee wa Ghorofani na Tafsiri za Shemeji

Shemeji yangu alikwenda kununua mpira akarudi na Asia. Hivyo ndivyo ninavyowajibu watu wanaoniuliza ilikuwaje familia iliyotoka Tanga, ikapanga ghorofa ya tatu Alexandria, Virginia, ikawa mteja wa chaneli ya sinema iliyokusudiwa watu wa Bangkok, Manila na Kuala Lumpur. Alitaka ligi. Aliyemuuzia kisanduku cha televisheni akamwambia kina kila kitu. Mimi niliuza mitumba Kariakoo miaka mingi kabla ya kuja huku kupanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa la Columbia Heights, na nalijua neno "kila kitu" likitoka mdomoni mwa muuzaji: maana yake hata yeye hajui kilichomo. Chaneli za mpira ziliganda ndani ya juma la kwanza. Iliyobaki ikipita bila kukwama ilikuwa hiyo moja ya sinema, ya kulipia kila mwezi. Sikuuliza imevukaje bahari mpaka Virginia. Mtu wa Kariakoo haulizi mzigo umepita mlango gani.

Ningekuwa mimi, kisanduku kingerudi dukani siku ileile, na nauli ya kukirudisha ningeidai. Shemeji hakukirudisha. Mwanamume akishapunjwa mbele ya mkewe ana njia mbili: aseme nimepunjwa, au aanze kukipenda alichouziwa. Shemeji akakipenda. Haukupita muda akawa anaizungumzia chaneli ile kama shamba alilorithi kwa babu yake. Ukiisema vibaya, ananuna.

Nami niliisema vibaya kila nilipokwenda. Kwanza ilikuwa na haya kupita kiasi. Kwa kuwa ilihudumia nchi nyingi zisizolingana dini wala desturi, iliamua isimuudhi yeyote, na njia ya kutomuudhi yeyote ni mkasi. Mwanamume na mwanamke wakisogezeana nyuso, mara wako ndani ya gari, na gari liko barabara kuu. Sigara ilitiwa ukungu. Damu ilitiwa ukungu. Siku moja niliona nguruwe wa katuni naye katiwa ukungu, na wenzake waliomzunguka wameachwa wazi, sijui yeye alikosa nini. Asiyejua angedhani Asia ni bara la watu wenye mtoto wa jicho. Juu pembeni pamekaa nembo ya chaneli, haiondoki, kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau. Chini yanapita maandishi ya lugha ya nchi nyingine kabisa, herufi zimejikunja kama tambi za Iddi. Matangazo niliyahesabu, nikayahesabu tena kwa kuwa sikuamini: sabuni ya kung'arisha ngozi ilitokea mara nyingi kuliko mhusika mkuu.

Halafu mtangazaji. Alikuwa na Kiingereza kisicho na kwao, kilichooshwa mpaka kikapoteza rangi, na alitaja saa mbilimbili, saa ya Jakarta na saa ya Hong Kong, wala hapana hata moja iliyokuwa yetu. Sinema yao kubwa ya usiku sisi ilitukuta asubuhi. Jumapili saa tatu, jua limejaa sebuleni, mtu ana chapati mkononi, na kwenye skrini mzimu wa Kithai unatambaa kutoka kisimani. Hakuna mzimu unaotisha mbele ya chapati.

Na ilirudia. Ikishapata sinema moja iliing'ang'ania kama mama ntilie mwenye sufuria moja ya maharage: mchana maharage, jioni maharage yaliyopashwa, kesho yake yametiwa nazi yakapewa jina jipya. Kila mara yule mtangazaji aliitangaza kwa mshangao uleule, kana kwamba naye ndiyo kwanza anaambiwa.

Sasa lazima nieleze kazi ya zamani ya shemeji, maana bila hiyo haya yote yasingetokea. Leo anaegesha magari ya wageni katika hoteli moja huko huko Alexandria. Zamani, Dar es Salaam, alikuwa mtafsiri wa sinema. Kwenye kibanda cha video watu wanakaa mabenchini, sinema ni ya Kichina au ya Kihindi, na pembeni ya televisheni amekaa mtu mwenye kipaza sauti anayesema kwa niaba ya wote: shujaa, adui, mama, mtoto, hata farasi. Kichina hakijui. Hakuna aliyemtaka akijue. Watu walikuwa wanamlipia yeye, si Mchina. Adui alimpa jina la mjumbe wa mtaa aliyechukiwa, bibi harusi akamfanya anadai mahari ya pikipiki, na kibanda kizima kikalia kwa kucheka. Nilikuwa nakwenda na mimi. Alikuwa hodari, na kwa hilo simdhulumu. Ndiyo sababu dada yangu alimpenda, ijapokuwa siku hizi anakana.

Dada alipojifungua, mama yetu alikuja kutoka Tanga kumlea mzazi, kama inavyopasa. Arobaini ikapita. Ikapita tena mara kadhaa, kila mara kwa sababu mpya: mtoto ana mafua, baridi imezidi, dada amerudi kazini. Mama hajui Kiingereza. Asubuhi dada anakwenda kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwaosha na kuwalisha wazazi wa watu, na mzazi wake anamwacha nyumbani amlelee mtoto. Hesabu hiyo niliipiga mara mbili na mara zote mbili ilitoka upogo.

Kule Tanga mama ana nyumba yake, na kila alfajiri anakaanga vitumbua kizingitini pake. Wateja wanakuja na vibakuli na habari zote za mtaa. Huku mtaa ni korido yenye zulia. Akifungua mlango anaona milango mingine, imefungwa, na kila mmoja una namba.

Kwa hiyo tafsiri za shemeji zikawa chakula chake. Jumapili, na siku shemeji anazoingia kazini jioni, walikaa pamoja mbele ya chaneli ile, yeye na mkwewe na mtoto kifuani, na shemeji akafufua kipaji chake. Suria wa mfalme wa China akaitwa kwa jina la jirani wa Tanga aliyewahi kumkopa mama sinia la harusi asilirudishe. Mama alicheka mpaka akavua miwani. Nilipokuwa nafika kutoka Columbia Heights, nimebadilisha treni na kusubiri basi kwenye upepo, nilimsikia akicheka tangu ngazini, nikaisamehe chaneli kwa dakika chache.

Tatizo likawa ruhusa ya mama kukaa nchini. Ilikuwa inakaribia kwisha, na dada alitaka kumwombea karatasi za kuishi moja kwa moja. Wakili akamwambia hapana kitu bila ridhaa ya mama na sahihi yake.

Mtu wa mbali atasema: si mumuulize? Mama, unakaa au unarudi? Kwetu haliulizwi hivyo. Mtoto hamwulizi mama yake unarudi lini, maana litasikika kama nimekuchoka. Na mama hamwambii mwanawe nataka kuondoka, maana litasikika kama nyumba yako imenishinda. Basi watu wawili wanaopendana wanaweza kukaa sebule moja tangu masika mpaka masika, mmoja anatafuta pa kulisemea na mwingine pa kulisikilizia, na linalopita kati yao ni fumbo. Mama alifumba kwa vitumbua. Alikuwa anatia mchele kwenye maji jioni, asubuhi anausaga kwenye mashine ya dada, akionja anasema, "Unga wa huku hauumuki." Dada anajibu, "Utazoea, mama." Wote wawili walijua hawazungumzii unga.

Dada alinivuta jikoni Jumapili moja. Alikuwa anaosha chupa za mtoto, na maji ameyaacha yatiririke ili tusisikike. Akanieleza kwa sauti ya mtu aliyevumbua umeme kwamba mama anaamini sana tafsiri za sinema. Kwa hiyo mume wake atatafsiri kwa namna itakayomsaidia kuona. Nikamuuliza aone nini. Akasema aone kwamba mzazi anayekaa na wanawe ughaibuni hupata baraka, na anayekimbilia kwao hujuta. Hakuna kumlazimisha. Ni kumwonyesha tu.

"Mnamtega mama yangu," nikamwambia, "kwa kitu kimoja kinachomchekesha humu ndani."

"Ni mama yangu pia," akasema. "Na wewe huna mtoto wa kuachia mtu."

Hilo sikuwa na bei yake. Nikarudi sebuleni kuona watafika wapi.

Walifika mbali. Tangu siku hiyo Asia yote ilianza kusema neno moja. Bwana wa panga mwenye ndevu nyeupe, amesimama juu ya jabali, alimwambia mwanafunzi wake asirudi kijijini kwani huko maji ya bomba yanatoka mara moja kwa juma. Mfanyabiashara wa Kikorea alilia uwanja wa ndege. Kumbe alirudi kwao akakuta mpangaji kabadilisha kufuli. Mzimu wa Kithai, ukitoka kisimani na nywele zimeufunika uso, ulikuwa mama wa watu aliyeondoka kwa mwanawe kabla ya wakati, na hakuna aliyempeleka hospitali.

"Maskini," mama akasema, akampigapiga mtoto mgongoni mpaka akacheua.

Shemeji alinitazama kwa ushindi. Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa hacheki tena. Ndicho alichokiharibu yule bwana, na hakukiona: kitu kimoja katika nyumba ile kilichokuwa cha mama peke yake alikigeuza kuwa mahubiri.

Kisha chaneli ikaleta sinema ya bikizee. Kwa macho yangu ilikuwa ya Kikorea. Shemeji alisema ya Kikorea siku ya kwanza na ya Kijapani siku ya pili. Bikizee mwenye nguo za kijivu anachukuliwa mlimani na kijana mwenye tai, anapelekwa mjini, ghorofa ya juu kabisa. Anatembeatembea kwenye nyumba nyeupe. Anashika kioo cha dirisha. Mwanamke kijana anampa vidonge na maji. Siku moja anafunga kitita, anatoka, anapanda basi. Mwisho yuko mlimani, ana jembe, upepo unamvuma, na majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Basi. Hakuna panga wala mzimu, na hakuna aliyesogezewa uso, kwa hiyo mkasi haukupata kazi. Labda ndiyo sababu waliipenda wakairudia vile.

Mara ya kwanza shemeji aliitafsiri hivi. Kijana ni mwanawe wa kumzaa, mwema, kamtoa mama kwenye shida. Vidonge ni vya presha, ambavyo kijijini havipatikani. Kitita kina vito vya dhahabu, na kuna mpwa tapeli kijijini anayempigia simu arudi ili amnyang'anye. Na kule mlimani mwisho? Shemeji alisita kidogo, picha ilikuwa inamsubiri. Anaota, akasema. Yuko kitandani mjini, salama, anaota ya zamani.

Mama aliuliza swali moja tu, kama yule jirani wa sinia angeliweza kupata nafasi humu. Shemeji akasema sinema hii ni ya heshima.

Siku chache baadaye chaneli ikaileta tena, kwa mshangao wake wa kawaida. Nilikuwa na mapumziko, nikawepo. Shemeji alikuwa amerudi kutoka kazini na usingizi machoni, na kati ya mara ile ya kwanza na hii alikuwa ametafsiri nyingine nyingi. Mtu anayesema kweli hana haja ya kukumbuka alisema nini. Yeye alihitaji, na hakukumbuka.

"Mkwe wangu," mama akasema taratibu, "huyu kijana si ni mwanawe?"

"Ni mpwawe, mama. Ndiye anayemlea."

"Aa. Nilidhani mpwa ndiye tapeli."

"Huyo ni mpwa mwingine."

"Na kitita kina vito?"

"Nguo tu. Nguo za baridi."

Mama akatikisa kichwa kama mtu anayejifunza. Dada alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na chupa mkononi, akimkodolea mumewe macho, lakini mtafsiri akishaingia mtoni haoni ng'ambo. Sinema ikafika mlimani. Bikizee akainua jembe.

"Na hapa anaota," mama akasema.

"Amefariki, mama," shemeji akasema kwa huzuni ya kitaalamu. "Amekufa njiani, ndani ya basi, bila wanawe. Hapa ni peponi."

Mama alimwangalia bikizee anavyolima, akapanguza miwani, akamwangalia tena.

"Peponi wanalima?"

Nikaenda chooni nikacheka kwenye taulo. Niliporudi shemeji alikuwa anaeleza kwamba pepo ya watu wa Asia ina utaratibu wake, na mama anamsikiliza kwa adabu zote anazompa mkwe.

Nilimwambia dada siku ile ile waache. Nilimwambia mama keshajua. Akasema mama amechanganya tu, umri. Watu wanapenda kusema umri pale wanaposhindwa kusema tumefumaniwa.

Jumapili iliyofuata walikuwepo wageni. Jirani wa korido, muuguzi kutoka Kenya, mwanamke wa bara mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, alikuja na sahani ya mandazi. Na yupo Mkongomani anayeegesha magari pamoja na shemeji, mtu mpole wa Bukavu, aliyeletwa kusikia kile kipaji kilichosifiwa kazini. Shemeji alikuwa amevaa shati la kola. Mtangazaji asiye na kwao akatangaza, na nani akatokea mlimani kama si bikizee wetu, na nguo zake za kijivu.

Shemeji akakohoa kusafisha koo.

"Pumzika, mkwe wangu," mama akasema. "Leo nitasema mimi."

Alimpa dada mtoto. Akasogeza kiti mpaka pembeni ya televisheni, pale pale anapokaa mtafsiri, uso kwetu na sikio kwenye skrini. Mkenya akapiga makofi akasema, "Haya, cucu, tupatie." Akamwita bibi kwa lugha ya kwao, na mama akampokea kama aliyemzaa.

Mama hakuigiza sauti. Alisema polepole, sauti ile ile anayotumia kuuza vitumbua. Kijana alipomchukua mlimani, mama akasema, "Twende mama, ni kwa muda mfupi tu." Bikizee alipoingia kwenye nyumba nyeupe: "Nyumba yenu nzuri, wanangu. Maji ya moto yapo. Mungu awazidishie." Bikizee alipogusa dirisha, mama akangoja kidogo. "Hili halifunguki," akasema.

Nikamtazama dada. Alikuwa anamtazama mtoto.

Yule mwanamke kijana akaleta vidonge. "Kunywa, mama. Nakunywa, mwanangu, usije ukasema nimekataa. Ila mimi siumwi. Nakaa kutwa na hili sanduku, linaniambia, linaniambia, na mimi sina nafasi ya kulijibu."

Mkongomani akasema chini chini, "Ni kweli hiyo."

Bikizee akafunga kitita. Mkenya alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi na andazi halijaliwa. "Sasa huyu mama anaenda wapi na mzigo, na hata hajaaga? Si hiyo ni mbaya?"

"Ameaga," mama akasema. "Ameaga siku nyingi. Hawakumsikia, walikuwa wanaangalia sinema."

Chaneli, ambayo tangu izaliwe haijawahi kujua wakati mzuri, ikakata ikaleta sabuni ya kung'arisha ngozi. Tukaiangalia sabuni ile wote saba, na mtoto akiwemo, kana kwamba ni taarifa ya habari. Shemeji akapata upenyo. Akasema kwa kicheko kilichokauka kwamba mama amejitahidi lakini ameruka mambo, kuna habari ya mpwa.

"Nimeruka wapi?" mama akamuuliza. "Wewe unakijua hicho Kikorea?"

"Mama, mimi nina uzoefu."

"Basi uzoefu tunao wawili."

Mkenya akaangua kicheko, akampiga shemeji begani, akasema, "Shem, leo umepatikana," na hakujua amepatikana kwa lipi. Sinema ikarudi. Basi likapanda mlima. Bikizee akashuka, akatembea, jembe likawa mkononi.

"Na hapa, mama, ni wapi sasa?" Mkongomani akauliza. Nadhani alikuwa amesikia habari za pepo kazini.

"Kwake," mama akasema.

Majina yakapanda, dada akanyanyuka na mtoto akaenda chumbani.

Wageni walipokuwa wanakunywa chai, dada akanitumia ujumbe wa simu kutoka chumba cha pili, hatua chache tu, niende nikapatane na mama. Hata mpaka mtoto atembee. Mimi ndiye ninayejua kupatana. Na kweli najua. Nimewahi kumuuzia mtu koti lake mwenyewe. Nikamfuata mama chumbani kwake, ambako alikuwa anakunja nguo za mtoto zilizotoka mashineni, bado zina joto. Nikaanzia juu, kama inavyotakiwa: vipi akikaa mwaka mmoja? Akaendelea kukunja. Nikashuka: mpaka mtoto atembee. Nikashuka: mpaka baridi iishe.

"Hii si mitumba," akasema bila kunitazama. "Mwambie dada yako aje. Aje na mdomo wake."

Dada alikuja. Alisimama mlangoni na mtoto begani, macho mekundu. Nikataka kutoka, mama akanionyesha kitanda, nikakaa. Kisha dada akasema neno ambalo sijawahi kusikia mtoto wa kwetu akilisema.

"Mama, unataka kurudi?"

"Nataka."

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani. Nifunge kwangu."

"Na mimi nitabaki na nani?"

Hakusema nani atalea mtoto. Alisema nitabaki na nani, na sauti ikamvunjika kama ya binti wa shule. Nilikuwa nimemdharau miezi mingi kwa kutaka yaya wa bure. Sidhani nilikosea sana, yaya alikuwemo. Ila humo ndani palikuwa na hili pia, na nilikuwa sijaligundua.

Mama aliweka chini kishati alichokishika.

"Hilo ungeniambia tangu mwanzo," akasema. "Ungesema, mama, naogopa, ningekaa mpaka hofu ikupungue. Wewe umenitumia mizimu."

"Mama, nisamehe."

"Nimeshasamehe. Lakini nitakwenda. Ukiniita nitakuja tena. Ukinitega, siji."

Sebuleni tulisikia shemeji ameanza sinema nyingine, ya panga, anawatafsiria wageni kwa sauti ya juu ya mtu anayejaribu kurudisha wateja dukani. Mkenya alikuwa anamuuliza kila baada ya sentensi kama ana uhakika.

Dada akajipangusa uso kwa mkono. Akasema hajui hata atapikaje na mtoto huyu asiyekubali kuwekwa chini. Mama akamwangalia kama aliyeambiwa binti yake hajui kuchemsha maji. Akamuuliza kama hamfungi mgongoni. Dada akasema huku watu wana vibebeo vya mikanda, na mikanda inamshinda, na kwa kanga hajawahi kujaribu, anaogopa atamwangusha.

Mama alivuta kanga yake moja kutoka kwenye rundo. Akamwinamisha dada mbele ya kitanda, akampandisha mtoto mgongoni, akamwambia ashike pembe mbili, moja juu ya bega, moja chini ya kwapa, avute mpaka asikie mtoto anapumua naye. Dada akavuta. Mtoto akateleza upande, mguu mmoja ukatokea nje, nami nikanyoosha mikono.

"Mwache," mama akaniambia. Akamgeukia dada. "Fungua. Anza tena."